Paa Aliyeomba Uji

Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, watoto wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Muleba. Insha hii tumeiandika sote wanne. Tulikaa kwa siku tatu mezani, mmoja akiandika, wengine wakisahihisha, na mara mbili tulikaribia kuiacha. Tumekubaliana kwamba hatutasema nani alitamka neno gani. Tulikosa pamoja, hata yule aliyenyamaza alikosa, isipokuwa mmoja wetu tu, na huyo mtamtambua bila shida.

Jambo lenyewe linahusu kibanja na linahusu daftari.

Tuanze na daftari. Tata alisoma miaka michache katika seminari ya Rubya kabla ya kuona kwamba upadre haukuwa wito wake. Alikuwa akisema Rubya ilimpa vitu viwili: Kilatini, ambacho alikisahau, na hamu ya hadithi, ambayo hakuisahau kamwe. Kwa kuwa vitabu havikuwa vyake, alinakili. Kila kitabu cha hadithi fupi kilichopita mikononi mwake, kwa kuazima au kwa kupewa, alichagua hadithi mbili tatu akaziandika kwa mkono katika kaunta buku yenye jalada gumu. Ilipojaa alishonea nyingine nyuma yake. Tulipozaliwa lilikuwa tayari daftari nene kama misale, limevikwa nailoni ya mfuko wa mbolea lisiharibiwe na moshi.

Mlikuwamo hadithi kutoka mkusanyo wa Edward Steere uliochapwa London mwaka 1870, hadithi alizozisikia kwa watu wa Zanzibar. Mlikuwamo visa kutoka Hekaya za Abunuwasi na kutoka Alfu Lela Ulela. Baadaye, mmoja wetu alipokuwa sekondari Bukoba, alileta kitabu cha Kiingereza cha hadithi fupi za Leo Tolstoy. Tata alimtaka amtafsirie jioni baada ya jioni, naye akaandika kwa Kiswahili chake.

Alipenda kutukumbusha kwamba Aniceti Kitereza wa Ukerewe naye alisoma hapo Rubya. Kitereza alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe, na kikachapishwa kwa Kiswahili miaka 35 baadaye. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Tata alisema mwandishi wa hadithi ni sawa na aliyepanda mgomba: huenda mkungu ukakatwa na mtu mwingine.

Jioni zetu zilikuwa na utaratibu. Baada ya chakula tulisali rozari, kisha mtoto mmoja alisogea karibu na taa ya chemli akasoma hadithi moja. Moja tu, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ghali. Bibi yetu, mama yake Tata, hakujua kusoma, lakini hakukubali hadithi ianze hivi hivi. Kwa desturi ya Wahaya, msimuliaji hutangaza kwanza kwamba alikuja na akaona, na wasikilizaji humjibu aone ili nao wapate kuona. Bibi alilazimisha tufanye hivyo hata kwa hadithi za Zanzibar na za Urusi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu alisimama na daftari la baba yake, akatangaza kwa Kihaya kwamba alikuwa Baghdad kwa macho yake, na nyumba nzima ikamwomba aone kwa niaba yetu.

Tulimcheka sana Abunuwasi aliyeazima sufuria, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akamwambia mwenye mali kwamba sufuria imezaa. Mwenye mali akafurahi, akaamini. Alipoazima mara ya pili, Abunuwasi alisema sufuria imekufa, na mwenye mali akaja juu. Tata alikuwa akiifunga hadithi hiyo kwa swali lile lile: kwa nini tunaamini miujiza inayotuletea faida tu?

Lakini hadithi iliyochakaa kuliko zote, ambayo kurasa zake zililegea zikashikwa kwa uzi mweupe, ni ile ya paa, kutoka kwa Steere. Kwa wasioijua, ni hivi. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akaitumia kununua paa. Watu walimcheka, kwani mtu asiye na chakula ananunua paa wa nini? Kumbe paa yule alijua kusema. Aliokota almasi, akaipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, akamposea bwana wake binti wa sultani. Alimwua nyoka mwenye vichwa saba, akampatia bwana wake nyumba kubwa na mali isiyohesabika. Yote yalitoka kwa paa. Kisha paa akaugua. Akaomba uji. Bwana wake, aliyekuwa na ghala tele, akaamuru apikiwe mtama mwekundu, chakula duni, akasema yule si mnyama tu aliyenunuliwa kwa thumuni? Mkewe alimsihi, naye hakusikia. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Usiku mmoja yule bwana alilala katika kitanda chake kizuri, akaota yuko jaani anachakura, na alipofumbua macho alikuwa jaani kweli.

Tulipokuwa wadogo tulimlilia paa. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza angefanya nini kama angekuwa yule bwana.

Sasa tuje kwenye kibanja. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa, lakini kitabu hiki kitasomwa na wengine pia. Kibanja kwetu ni zaidi ya shamba. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa maharage na magimbi, na pembeni kuna makaburi ya wazee. Mtu anazaliwa humo, anakula humo, anazikwa humo. Ukimtoa mtu katika kibanja umemtoa katika ukoo, na kwa desturi ya miaka mingi waliokuwa wakitolewa ni mabinti.

Mwaka 2015 Tata alipata kiharusi. Watatu kati yetu tulikuwa na kazi na familia zetu, Bukoba mjini na mbali zaidi. Dada yetu mkubwa, mmoja wetu tunaoandika hapa, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Yeye ndiye aliyemgeuza Tata kitandani, aliyemwosha, aliyemlisha kwa kijiko. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa nyumba, yeye ndiye aliyeuza kahawa na mbuzi akatafuta fundi. Mnyauko ulipoingia katika migomba, yeye ndiye aliyeng'oa mashina yaliyougua, akayafukia, akapanda mengine. Na kila jioni alimsomea Tata daftari. Ulimi wa Tata ulikuwa mzito lakini masikio yalikuwa mazima. Akitaka hadithi ya paa, alivuta ule uzi mweupe.

Sisi tulituma fedha tulipokumbuka. Tulikuja Krismasi, tukala senene walizotuwekea, tukapiga picha na mgonjwa, tukaondoka.

Tata alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019. Baada ya matanga tulikaa na wazee wa ukoo. Wosia ulioandikwa haukuwapo. Wazee walisema mila inajulikana: kibanja ni cha wana wa kiume, na dada atapewa chumba cha uani mpaka atakapopata pa kwenda. Siku iliyofuata tulivuta kamba, tukapima, tukaweka alama za miti. Dada yetu alitupikia mchana wa siku hiyo.

Tunataka kusema wazi kwamba hatukukosa kwa kutojua. Kesi iliyobadilisha jambo hili ilianzia huku huku Muleba. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wakampinga, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya kumnyima mwanamke haki aliyopewa mwanamume inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo iko wazi. Mmoja wetu aliijua kesi hiyo kwa jina na kwa mwaka. Alikaa katika kikao kile tangu asubuhi hadi jioni, akaangalia chini. Na mwingine wetu, mwanamke kama dada, aliona heri anyamaze, kwa kuwa yeye alikuwa na kwake.

Wala hatukuwa tumeisahau hadithi. Katika daftari lile lile, kurasa chache tu kutoka kwa paa, kulikuwa na hadithi ya Tolstoy ya mwaka 1886 kuhusu mkulima Pahom, aliyeambiwa kwamba atapewa ardhi yote atakayoweza kuizunguka kwa miguu kwa siku moja, mradi arudi alipoanzia kabla jua halijatua. Alikwenda mbali mno, akarudi akikimbia, akafika, akaanguka akafa. Ardhi aliyoihitaji ikawa ile ya kumtosha kuzikwa. Sisi tulikuwa tumeisoma hadithi hiyo kwa sauti, tukaitafsiri wenyewe. Na bado tulivuta kamba. Hadithi unaweza kuijua yote kwa kichwa na isikuguse.

Dada hakubishana. Alipanga chumba karibu na soko, akawa anauza dagaa na nyanya. Daftari liliachwa ndani ya nyumba, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuligawa.

Miezi ikapita. Mwanzoni mwa Agosti mwaka ule jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa na zamu ya kusali nyumbani kwetu, na sisi watatu tulikuwa tumekuja kushughulikia mambo ya kahawa. Wanajumuiya walikuja, na dada akaja pamoja nao, kwa sababu yeye alikuwa mwanajumuiya wa pale na sisi tulikuwa wageni. Aliketi mlangoni, kwenye mkeka, kama mtu aliyekuja mara moja na kuondoka. Katika nyumba ile ambayo ukuta wake aliutengeneza yeye.

Tulisoma Injili ya Jumapili iliyokuwa inakuja, Dominika ya 18 ya Mwaka C, Luka sura ya 12 kuanzia mstari wa 13. Mnaijua. Mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Sisi watatu tulihisi joto likipanda usoni. Hatukuwa tumeichagua, ilikuwa zamu yake katika kalenda ya Kanisa. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao, halafu anafanya kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukizingatia. Anawasimulia hadithi fupi. Tajiri, mavuno, maghala, usiku mmoja, na imekwisha.

Mwenyekiti wa jumuiya aliomba tafakari. Hakuna aliyesema. Kijiji kizima kilijua habari zetu, na watu wa kwetu ni waungwana, walitazama mikeka.

Ndipo mtoto wa mmoja wetu, binti wa miaka tisa, akavunja ukimya. Alikuwa ameshinda siku mbili akilipekua daftari la babu yake, na alikuwa amesikia kwamba zamani katika nyumba hii mtoto husoma hadithi baada ya sala. Akauliza kama zamu ni yake. Mwenyekiti, nadhani kwa kufurahi kwamba kuna mtu amesema chochote, akamruhusu. Akalifungua pale lilipojifungua lenyewe, kwenye uzi mweupe.

Alisoma vizuri kwa mistari michache. Maskini yuko jaani, anachakura, anaokota kitu. Hapo akakwama. Mwandiko wa Tata ulikuwa wa kizamani, na neno lenyewe watoto wa siku hizi hawalijui. Alijaribu mara mbili. Sauti ikatoka mlangoni, taratibu, bila mtu kunyanyua kichwa.

"Thumuni. Endelea, mwanangu."

"Asante, Shangazi."

Akaendelea. Kila alipokwama, sauti ile ilimpa neno. Dada yetu hakuwa na daftari mbele yake. Alikuwa ameisoma hadithi ile kwa miaka minne kando ya kitanda, usiku baada ya usiku, wakati sisi tulipokuwa tumelala kwenye nyumba zetu. Mtoto alipofika mahali paa anapoomba uji, mmoja wetu alitoka nje akasimama kwenye migomba. Waliobaki hawakuweza kuinua macho.

Tangu siku ile tumemfikiria sana nabii Nathani katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Hakumwendea Daudi na sheria, ingawa sheria ilikuwapo na Daudi aliijua. Alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akakasirika kwa haki kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Ukiletewa sheria unatafuta mwanya wa kutokea. Hadithi yenyewe unaifungulia mlango kwa kuwa inahusu watu wengine, na ukija kushtuka, imeshaketi sebuleni.

Hatukugeuka malaika usiku ule. Tuligombana hadi jogoo wa kwanza. Mmoja alisema dada alikuwa ametutega, jambo ambalo halikuwa kweli, na mtoto aliyesoma alilia akidhani amekosea. Ilichukua mpaka msimu wa senene, Novemba, ndipo tulipokwenda sokoni sote watatu. Tulikuwa tumejiandaa kusema kwamba tumeamua kumpa sehemu ya kibanja. Alitusikiliza akiwa anapanga nyanya mafungu. Kisha akasema kibanja tumrudishie kwa sababu ni haki yake, si kwa sababu tumemhurumia. Daftari ndilo alilotuomba tumpe, kwa sababu analipenda.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaandikishana, kila mtu fungu lake sawa, wanawake kwa wanaume. Nyumba na migomba inayoizunguka ni vyake. Mzee mmoja wa ukoo hajatusalimu tangu siku hiyo, na tunamwombea. Na katika rasimu ya kwanza ya insha hii tulikuwa tumeandika kwamba dada alitusamehe. Alitusimamisha hapo. Alisema anasali aweze, kuna siku anaweza na kuna siku hawezi, na kitabu cha imani kisiandike uongo. Tumefuta.

Kuna ndugu mwamini mmoja aliyewahi kutuuliza kwa nini nyumba ya Kikristo inasoma hadithi za majini, nyoka wa vichwa saba na walaghai, wakati Biblia ipo. Ni swali la haki. Tungemkumbusha kwanza kwamba Steere, aliyezikusanya hadithi za Zanzibar, alikuwa padre wa Kianglikana, na miaka minne baada ya kitabu kile kutoka aliwekwa wakfu kuwa askofu. Ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuyaleta Maandiko katika Kiswahili, na ndiye aliyejenga kanisa kuu pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mtu huyo alianza kwa kuketi na kuwasikiliza watu wakisimulia visa vyao. Pengine alijifunza humo Kiswahili ambacho hakimo katika kamusi, lugha ya mtu anayeomba, anayenyimwa na anayelia.

Tata alikuwa na jibu fupi zaidi. Alisema asiyejua kumsikiliza paa, atamsikilizaje mwana mpotevu? Bwana wetu alipotaka kueleza Ufalme wa Mungu alisimulia habari za mwanamke na sarafu yake, mchungaji na kondoo wake, baba na wanawe wawili waliogombania urithi na karamu. Hadithi fupi zote, za kumalizika kabla taa haijazimika. Tunaamini Roho Mtakatifu anaweza kuutumia mdomo wowote, hata wa mtoto anayekwama kwenye neno thumuni.

Kila mwaka sasa, siku ya kumbukumbu ya Tata, baada ya Misa tunakutana katika kibanja. Ni dada anayetukaribisha. Sisi ni wageni wake. Tunasali kaburini, tunakula ndizi zake, na jioni binti yule, ambaye amekua, huleta daftari. Husimama na kutangaza kwa Kihaya kwamba alikuja na akaona. Nasi tunamjibu kama bibi alivyotufundisha, tukimwomba aone ili nasi tuone. Zamani tulilijibu kwa mazoea, kama watoto. Siku hizi tunalijibu kama sala.

Msomaji mpendwa, huenda nyumbani kwenu nako kuna kitabu cha hadithi cha zamani, kimelala juu ya kabati au chini ya kitanda. Kitoe, mpe mtoto asome kwa sauti, na uangalie ni nani ameketi mlangoni.